Acheni Kuipambanisha Nairobi na Dar

Aprili 2025 Kenya iliipita Ethiopia bila kupiga hatua. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa makadirio yake, uchumi wa Kenya ukatajwa kuwa zaidi ya dola bilioni 130 na wa Ethiopia kama bilioni 117, na kesho yake magazeti yakaivika Kenya taji la Afrika Mashariki. Ukiuliza nini kilitokea Addis Ababa, jibu ni fupi. Julai 2024 serikali ya Ethiopia iliiacha birr ijitafutie bei sokoni, nayo ikaanguka kutoka kama 57 kwa dola hadi kupita 100 ndani ya wiki chache. Viwanda vilikuwa vilevile na mashamba ya kahawa yaleyale. Dola ndiyo iliyopanda bei.

Wakenya wenyewe walikuwa wamekwisha kuionja dawa hiyo. Mwanzoni mwa 2024 dola moja iliuzwa Nairobi kwa karibu shilingi 160. Ilipofika katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Kwa miezi hiyo michache Nairobi, ukiipima kwa dola, ilinenepa kwa zaidi ya moja ya tano, na hakuna duka lililofunguliwa wala matatu iliyoongezwa kwa sababu hiyo.

Ninaanza na Addis kwa makusudi, maana huku chini ya Mlima Kilimanjaro kuna wimbo unaoimbwa kila penye redio na watu wawili wenye muda. Nairobi ndiyo mji wa hela. Dar inahema nyuma yake na siku moja itaipita. Mombasa, Kampala na Arusha zinagombea nafasi zinazobaki. Moshi imebakiwa na usafi wa barabara na picha ya Kibo. Wenye uchungu zaidi huongeza kwamba mpaka ungepita kusini ya mlima leo tungekuwa Wakenya na matajiri, na hapo huletwa ile ngano ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake Kilimanjaro. Wanahistoria hawaioni ngano hiyo kwenye nyaraka. Mpaka ulichorwa kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890, na zawadi ya kuzaliwa haimo. Lakini uchungu hauhitaji nyaraka. Maofisini na bungeni huimbwa wimbo uleule, tofauti ni kwamba waimbaji wamevaa tai.

Naupinga wimbo wote, ubeti wa Nairobi na ubeti wa Dar. Unachopima ni mahali hesabu inapoandikwa. Hauambii kazi imefanyika wapi, wala faida imeishia mfukoni mwa nani. Na kila mara serikali zetu zilipouamini na kuutungia sera, bili ilikuja kulipwa na watu wa Himo, Taveta, Tarakea na Mabogini.

Mtu wa Mabogini hahitaji kusomeshwa kuhusu vipimo. Anaijua lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linaongezewa kilemba, linashonwa kwa kamba juu ya kilemba, kisha dalali anasema: gunia moja. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara zisizohesabika na lumbesa bado ipo, kwa kuwa mwenye pesa ndiye mwenye kipimo. Pato la taifa nalo ni gunia lenye mshonaji wake. Septemba 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, ikajumlisha shughuli zilizokuwa zimeachwa nje, na uchumi ukakua kwa robo kati ya jioni na asubuhi. Nchi ikaamka katika kundi la kipato cha kati. Desemba ya mwaka uleule Tanzania ikafanya vivyo hivyo, na uchumi wake ukaongezeka kwa zaidi ya robo. Mwaka 2021 Kenya ikarekebisha tena. Siwalaumu wanatakwimu hata kidogo. Hiyo ndiyo kazi yao, na hesabu mpya kwa kawaida ni sahihi kuliko ya zamani. Ninaowalaumu ni wanaochukua namba za mishono miwili tofauti, wakaziweka kwenye jedwali moja, wakatangaza mshindi.

Sasa shuka kutoka nchi uje kwenye mji, ambako mambo ni mabaya zaidi. Nairobi inayotajwa kwenye ripoti ni kaunti ya kilomita za mraba 696. Nairobi ya kweli imemwagika zamani kuingia Kiambu, Machakos na Kajiado; mtu analala Kitengela na kufanya kazi Upper Hill, na analala Ruiru na kuuza duka Kamukunji. Dar es Salaam ya ripoti ni mkoa wa kilomita za mraba 1,393, mara mbili ya Nairobi, wenye minara Posta na mihogo pembezoni. Vitu viwili vya ukubwa tofauti, vilivyokatwa na makarani tofauti kwa sababu za kiutawala, tunavilinganisha kama vile mipaka yake imechorwa na uchumi.

Njoo sasa kwetu. Mabogini iko kusini tu ya mji wa Moshi, kati ya mji na mashamba ya miwa ya TPC. Asubuhi bodaboda na daladala zinapeleka watu mjini, jioni zinawarudisha. Nyumba zimepanda hadi kwenye kingo za majaruba. Lakini Mabogini ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, yaani Moshi Vijijini. Manispaa ya Moshi haifiki kilomita za mraba 60, na sensa ya 2022 iliikuta na watu 221,733. Mpunga unaolisha mji huo unavunwa nje yake, na vijana wanaoujenga mji huo wanalala nje yake. Mtu akiniambia uchumi wa Moshi ni mdogo nitamuuliza: Moshi ipi?

Na kuna Desemba. Watanzania wote wanajua utani kwamba Wachagga hurudi nyumbani mwisho wa mwaka kwenda kuhesabiwa. Utani mzuri, ila kihesabu ni kinyume chake, kwa sababu wamekwisha kuhesabiwa kwingine. Pesa inayojenga ghorofa Machame, Kibosho na Marangu imepatikana Kariakoo, Mwanza, wakati mwingine Nairobi, na huko ndiko ilikoandikwa. Huku inaonekana tu kama ujira wa fundi na mauzo ya saruji. Mlima umesafirisha watu kwa vizazi vitatu, kisha unaambiwa hauna uchumi.

Hata maji yake yana safari hiyo. Upande wa Kenya, chemchemi za Nolturesh karibu na Loitokitok zinatoa maji ya mlima huu, na bomba linayapeleka Kajiado na Machakos, mlangoni mwa Nairobi. Upande wetu mito inashuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, inaingia Pangani na kuzungusha mitambo ya umeme Hale na New Pangani Falls. Umeme huo ukiwasha kiwanda Tanga au Dar, thamani ya kiwanda ni ya Tanga au Dar, na hivyo ndivyo kanuni inavyotaka. Tatizo ni mtu anayesoma matokeo ya kanuni kama vile ni sifa ya wakazi.

Pato la ndani lina tabia nyingine ambayo washabiki wa majedwali huipita harakaharaka: linahesabu kilichozalishwa ndani ya mpaka na haliulizi faida ni ya nani. Kiwanda cha bia cha Serengeti kilichopo Moshi kinahesabiwa Kilimanjaro. Lakini tangu 2010 hisa nyingi za Serengeti zimekuwa mikononi mwa East African Breweries ya Nairobi, na kwa miaka mingi East African Breweries imekuwa chini ya Diageo ya London. TPC, iliyoanzishwa na Wadenmaki miaka ya 1930 na kutaifishwa baadaye, tangu 2000 asilimia 75 yake ni ya wawekezaji wa Mauritius na robo ni ya serikali. Miwa yetu, jasho letu, na pato letu kwenye kitabu. Gawio lina anwani nyingine. Kwa hiyo hata pale jedwali linapotupandisha, halituambii kama tumetajirika. Na pale linapoipandisha Nairobi, sehemu ya utajiri huo ipo pale kwa malazi tu, njiani kwenda Ulaya.

Nitajibiwa kwamba haya yote ni visingizio vya mtu wa mji mdogo. Nairobi ina soko la hisa tangu 1954 na Dar ilianza mauzo ya hisa 1998. M-Pesa ilizaliwa Kenya 2007 ikaufundisha ulimwengu. Benki za Nairobi zimefungua matawi Dar na Arusha, na sioni za kwetu zikiuteka mtaa wa Kenyatta. Uchumi wa Kenya ni karibu mara moja na nusu ya wa Tanzania ilhali watu wake ni wachache kuliko sisi. Yote ni kweli, na siyapunguzi. Mji unapokusanya mabenki, mawakili, wahandisi na viwanja vya ndege, kila mmoja wao anazalisha zaidi kwa kuwa yuko karibu na wenzake. Mchumi yeyote atakuambia hivyo, na mfanyabiashara wa Mbuyuni hapa Moshi anayepanga nguo pembeni ya washindani wake anajua hivyo bila mchumi.

Lakini tazama namba ileile upande wa pili. Shirika la Takwimu la Kenya lilianza kutoa pato la kila kaunti mwaka 2019, na ripoti za miaka ya karibuni zinaipa Nairobi zaidi ya robo ya uchumi wote wa nchi. Kwa sensa ya Kenya ya 2019, Nairobi ina watu milioni 4.4 kati ya milioni 47.6, yaani asilimia 9. Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, ina watu milioni 5.4, nao pia ni kama asilimia 9 ya watu wa Tanzania Bara, na hesabu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu huipa asilimia 17 hivi ya pato. Shabiki wa Nairobi anaona hapo ushindi. Mimi naona kwamba Kenya imeweka zaidi ya robo ya kapu lake mahali pamoja, na kwamba Mkenya wa Taveta, ambaye toka Holili, upande wetu wa mpaka, unamwona kwa macho, hajafaidi minara ya Upper Hill kuliko ninavyoifaidi mimi. Mwambie Mtaveta kwamba nchi yake imetushinda. Atakuuliza bei ya nyanya leo upande wetu ni shilingi ngapi.

Na mkoa wa Kilimanjaro, huo unaosemwa umekufa, kwa pato la mtu mmoja mmoja huwa katika mikoa ya juu ya Tanzania. Ukiupima kwa pato zima unaonekana mdogo, kwa kuwa una watu milioni 1.86 tu na ardhi imebanwa. Vipimo viwili vya ofisi moja vinatoa hukumu mbili, na kijiweni hutumika ile inayouma zaidi.

Tuje kwenye madhara, maana kama wimbo huu ungekuwa burudani tu nisingehangaika nao.

Aprili 1964 wakubwa wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikutana Kampala. Tatizo lililowapeleka lilikuwa la haki kabisa. Tangu ukoloni nchi tatu zilikuwa na soko moja, na soko hilo lilikuwa limeinufaisha Nairobi kuliko wengine: walowezi walikuwa huko, makao makuu ya reli na ya huduma za pamoja yalikuwa huko, kwa hiyo mwenye kiwanda alikijenga huko na kuuza kote. Dar na Kampala zilinunua. Makubaliano ya Kampala yalikusudia kugawana viwanda ili kila kimoja kihudumie soko lote: Tanganyika ikapewa, pamoja na vingine, matairi na uunganishaji wa Land Rover, Uganda baiskeli, Kenya balbu za umeme. Lilikuwa wazo la watu waliofikiri kwa ukubwa wa eneo zima. Kiwanda kimoja cha matairi kwa soko la nchi tatu kingeweza kupumua.

Halikudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania iliendelea na mpango wa General Tyre, Arusha, mwendo wa gari wa saa moja na ushee kutoka Moshi. Kenya nayo ikaikaribisha Firestone, Nairobi. Kati ya viwanda hivyo viwili kuna barabara ya kilomita kama 270, na kila kimoja kikafungiwa ndani ya soko lisilokitosha, kikilindwa na serikali yake dhidi ya jirani yake. Kwa miaka mingi wenye kupenda kulinganisha walikuwa na raha yao, tairi la nani ni imara, kiwanda cha nani kina wafanyakazi wengi, mji gani unakwenda mbele. Kufikia 2009 uzalishaji Arusha ulikuwa umekoma. Mwaka 2016 waliorithi kiwanda cha Firestone, Sameer, wakatangaza kufunga uzalishaji Nairobi. Leo fuso inayovuka Holili, iwe na namba za Kenya au za Tanzania, mara nyingi inakanyagia tairi la China au la India. Ningependa mtu anionyeshe kwenye jedwali lake mshindi wa pambano hilo.

Mambo yalizidi. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka, na Julai Jumuiya ya Afrika Mashariki ikawa imekufa. Sababu zilikuwa nyingi: itikadi, Idi Amin, ugomvi wa ndege na mabehewa. Lakini chini yake yote kulikuwa na hisabu ile ile ya nani anamla nani, Dar ikiamini Nairobi inanenepa kwa damu yetu na Nairobi ikiamini Dar inataka mgawo wa jasho lisilo lake. Mpaka ulikaa umefungwa karibu miaka saba, hadi Novemba 1983. Nairobi haikufa, wala Dar. Waliosagika ni watu wa huku. Reli iliyojengwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza kutoka Voi kupita Taveta hadi Kahe, iliyoiunganisha Moshi na bandari ya Mombasa, ikapoteza kazi. Biashara ya mchana ikawa ya usiku. Sabuni na mafuta ya kupikia vikapita njia za panya, na 1983 serikali ikawinda wahujumu uchumi nyumba kwa nyumba. Rombo bado wapo wazee wanaoweza kukueleza njia hizo kwa majina ya migomba.

Biashara ya usiku nayo ina mahali pake katika majedwali. Wakati bei ya kahawa duniani ilipolipuka 1976 na 1977, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa magunia hadi Chepkube, upande wa Kenya, ikauzwa nje kama ya Kenya. Waganda walilima, Kenya ikahesabu. Mchumi aliyeketi mbali akasoma kwamba Kenya ilikuwa na mwaka mzuri.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Jumuiya imefufuka kwa mkataba wa 1999, tuna umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, na Holili kuna kituo cha pamoja tangu 2016 ambapo karatasi zinagongwa sehemu moja. Nakiri kituo hicho kimefanya kazi. Lakini tabia ya kuhesabiana haijaacha. Oktoba 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 waliovuka kutoka Kenya kutafuta malisho walipigwa mnada hapa hapa mkoani Kilimanjaro, na wiki chache baadaye vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, ikalegeza ndani ya wiki. Julai 2025 Tanzania ikawapiga marufuku wasio raia kufanya orodha ndefu ya biashara ndogondogo, Nairobi ikanuna. Kila mara ilitolewa sababu ya afya, ya sheria au ya ajira, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa na uzito. Kilichozifanya zishangiliwe ni kitu kingine: mshangiliaji aliona amefunga bao. Walioshangilia hawakuwa wafugaji wala wauza mahindi.

Mchele unaonyesha jambo hili vizuri kuliko yote. Skimu ya Lower Moshi ilikamilika 1987 kwa fedha na utaalamu wa Wajapani: mifereji ya zege inayochukua maji kutoka chemchemi za Njoro na mto Rau, na kama hekta 1,100 za majaruba katika Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Wakulima walijifunza kitalu, kupandikiza kwa mistari, mbegu fupi za kisasa. Mavuno yakapanda hadi kama tani 6 kwa hekta, kiwango ambacho nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazijakiota. Yakatokea na yaliyotarajiwa: wa juu ya mfereji walipoona faida, nao wakageuza mashamba yao kuwa mpunga, maji yakapungua kwa wa chini, zamu zikaanza kugombewa. Mpaka leo ukitaka kujua hali ya uchumi wa Mabogini usiulize dola. Uliza maji yamefika bloku ya ngapi.

Tanzania ndiyo mzalishaji mkubwa wa mchele katika Afrika Mashariki. Kenya inalima Mwea, lakini inakula zaidi sana ya inachovuna. Kwa akili ya kawaida, soko la asili la mchele wa kaskazini yetu ni meza za Nairobi na Mombasa. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa mchele unaotoka nje ni asilimia 75, umewekwa juu hivyo kwa ajili ya mkulima kama wa Mabogini. Ila kwa miaka mingi Kenya imeruhusiwa kutoza asilimia 35, na mchele wa Pakistan unashuka bandari ya Mombasa kwa bei ambayo jaruba la robo tatu ya ekari haliwezi kushindana nayo. Mwaka 2025 Kenya ilikwenda mbali zaidi na kutangaza tani 500,000 za mchele usiotozwa ushuru.

Tafadhali tazama hesabu inavyokwenda hapo. Meli inapakuliwa Mombasa: mapato ya Mombasa. Maghala, malori, ufungashaji, benki inayokopesha mwagizaji, supamaketi: mapato ya Nairobi. Mlaji wa Nairobi anapata wali wa bei nafuu, na sina ugomvi naye, naye ana watoto. Dalali aliyekuwa aje Chekereni na fuso haji. Tukio ni moja. Kwenye jedwali linaonekana kama Nairobi imekua na Kilimanjaro imezembea, halafu mtu wa redioni anatuuliza wenzetu wanatushinda wapi. Na nisije nikaonekana ninamwonea Mkenya: mwaka 2013 ni serikali yetu wenyewe iliyofungua mlango wa mchele wa nje bila ushuru ili kutuliza bei Dar, na bei ya mkulima wa Tanzania ikaporomoka. Dar ilitufanyia kile tunachoilaumu Nairobi. Mkulima wa mpunga ana ugomvi na kila mji mkubwa unaoagiza, bila kujali bendera. Na ana maslahi na kila mji mkubwa unaonunua, bila kujali bendera vilevile.

Hapo ndipo ilipo hoja ambayo upambanishaji wa miji unaificha. Eneo la uchumi tunaloishi linaanzia majarubani Mabogini, linapita Himo na Holili, linaingia Taveta, linateremka Voi hadi bandari ya Mombasa. Tawi lake jingine linapanda Rombo, linavuka Tarakea kwenda Loitokitok na kukata hadi Nairobi. Lilikuwepo kabla ya 1886. Mwaka 2016 marais Magufuli na Kenyatta walizindua pamoja barabara ya Arusha, Holili, Taveta hadi Voi, na ilipokamilika upande wa Kenya mzigo wa Moshi ukapata tena njia ya lami hadi Mombasa, karibu kuliko Dar. Swali lenye maana ni yapi yanatokea ndani ya eneo hilo: gari la vitunguu linakaa saa ngapi mpakani, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaijua haki yake ya cheti rahisi cha asili ya bidhaa au anatozwa "chai", bei ya kilo ya mchele Mabogini ni sehemu gani ya bei ya kilo hiyohiyo Mombasa. Hizo ni takwimu ambazo Wizara za Biashara za nchi mbili zingeweza kutoa pamoja kila robo mwaka, zikabandikwa ukutani Holili, na kila msoma ukuta akajua nani anamdanganya.

Badala yake tunachokipata sasa ni mjadala wa Moshi kuwa Jiji. Ombi la kuipanua manispaa imeze kata za jirani, Mabogini ikiwemo, limezungumzwa miaka na miaka, na wanaolipigia debe hutuahidi kwamba tutaingia kwenye ramani ya uwekezaji pamoja na Arusha, Mwanza na hata Nairobi. Likipita, siku ya kutangazwa uchumi wa Moshi utaruka juu. Mpunga wa Mabogini utahamia kwenye vitabu vya mjini, na vijana wa bodaboda watakuwa wakazi wa Jiji bila kuhama. Mwandishi fulani ataandika kwamba Moshi imeipita sijui mji gani. Kisha atakuja mpima ardhi, kwa sababu jaruba lililo ndani ya Jiji ni kiwanja kinachosubiri, na kiwanja kinalipa kuliko mpunga. Madiwani wa pande zote mbili wanaojadili jambo hili wajibu kwanza, kwa maandishi, ni hekta ngapi kati ya zile 1,100 zitabaki za umwagiliaji kisheria, na haki ya maji ya Njoro itakuwa ya nani: ya bloku za Mabogini, au ya mabomba ya nyumba mpya.